Shangazi, mke wangu ametundika hazina yangu sebuleni

*Shangazi, shikamoo. Nimeoa miaka minane sasa. Nakusanya picha za chapa za mchoraji mmoja mkongwe wa vitabu vya katuni, matoleo ya nakala chache, kila moja ina namba na sahihi yake mwenyewe. Ninazo kumi na moja. Ni uwekezaji, kwa sababu mzee huyo umri umekwenda, na siku akiondoka bei zitapanda. Huwa naletewa ofisini ili zisiharibike nyumbani. Majuzi nimerudi safari nikakuta mke wangu ametoa moja kwenye kasha, amenunua fremu na kuitundika sebuleni, mkabala na dirisha, nyuma ameibana kwa selotepu! Eti alitaka kunifurahisha. Tangu siku hiyo hatusemeshani. Haheshimu vitu vyangu na sanaa haijui. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa selotepu. Gundi yake hupenya kwenye karatasi na kuacha doa la manjano, kwa hiyo hasira yako ya dakika kumi za kwanza naielewa. Pole yangu imeishia hapo.

Unasema unaletewa ofisini ili zisiharibike nyumbani. Zitaharibikaje, na zimekunjwa ndani ya kasha la mviringo la kadibodi? Unaletewa ofisini kwa sababu nyumbani yupo mtu atakayeuliza, "Hii umenunua kiasi gani?" Barua nzima umetaja idadi, umetaja umri wa mzee wa watu, bei hukuigusa. Nina hakika mkeo naye haijui. Ndiyo maana aliibandika ile picha kama anavyobandika mtu kalenda. Unamlaumu kwa kutoheshimu thamani uliyomficha mwenyewe.

Na huo uwekezaji, umeshauza ngapi? Hata moja hujasema. Nimekaa na watu wanaoijua biashara hii, wakanieleza. Picha inayoandikwa 47/250 ni nakala ya arobaini na saba kati ya mia mbili na hamsini, maana yake wenzako 249 wanayo hiyo hiyo, na wengi wao wanasubiri siku ile ile unayoisubiri wewe. Juu ya hizo kuna nakala za msanii zenye alama ya A/P, ambazo hazimo kwenye hesabu hiyo. Tena mchoro uleule unaweza kutolewa kesho kwa ukubwa mwingine, ukapewa namba zake upya, na hakuna aliyevunja ahadi. Kilicho kimoja tu duniani ni ule ukurasa wa asili alioushika mzee kwa mkono wake, na huo wewe huna. Zinazopanda bei zipo, sikatai. Ila mtu anayewekeza kweli huweka risiti na hati za uthibitisho, hujua mnadani zinakwendaje, na humwambia mwenzake zilipo, ili akifa yeye kwanza zisije zikatupwa pamoja na magazeti.

Hapo pa kusubiri kifo ndipo uliponiudhi. Unajua wazee hao walifanya kazi katika hali gani? Wengi wa kizazi cha kwanza cha wachoraji wa katuni Marekani walilipwa kwa ukurasa, basi. Haki zote zikabaki kwa mchapishaji, na mara nyingi hata michoro yenyewe hawakurudishiwa. Vijana wawili waliombuni Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zao mwaka 1938 kwa dola 130. Shujaa wao akatajirisha watu, wao wakazeeka kwa dhiki, Shuster macho yakiwa yamekwisha nguvu. Ilibidi wachoraji wenzao, Neal Adams akiwa mstari wa mbele, wapige kelele hadharani, ndipo mwaka 1975 kampuni iliyomiliki Superman ikakubali kuwapa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao kwenye kazi yao. Kwa mchoraji mzee, picha anayoitia sahihi na kuiuza mwenyewe ni fedha inayomfikia mkononi akiwa hai. Ulipoinunua ulitenda jambo jema, kisha ukaliharibu kwa kukaa unamhesabia siku. Na mtu aliyetia sahihi kwa miongo mingi huacha sahihi nyingi sana duniani, kwa hiyo hata hesabu yako ya matanga inaweza isitimie.

Sasa nimsemee mkeo, maana hayupo hapa kujisemea. Amekwenda kununua fremu kwa fedha yake. Katika picha kumi na moja amechagua moja, akaiweka mahali ambapo kila mgeni akiingia ataiona. Nani kati yenu anaipenda sanaa? Wewe umezikunja gizani. Karatasi ikikaa miaka kwenye kasha la mviringo hujifunza kujikunja, na siku ya kuinyoosha kwa nguvu huvunjika nyuzi. Na ule msemo wake kwamba alitaka kukufurahisha, mimi nimeusoma tofauti kidogo. Huyu mama alikuwa akitafuta mlango wa kuingia kwenye jambo lako, kwa sababu miaka yote hiyo hukumfungulia. Umemjibu kwa kununa. Haya.

Hili haliko kwako peke yako, nalisikia kila wiki. Ndoa za siku hizi kila mtu ana nywila yake, akaunti yake, na vifurushi vyake vinavyopita mlango wa nyuma. Mnakutana jioni kama wapangaji wa nyumba moja, mnaulizana maji yanatoka? Mume akinunua kwa siri anaita uwekezaji, mke akinunua kwa siri mume anaita ufujaji. Wanawake nao wasicheke, ninazo barua za waume waliokuta nguo mpya zimekaa mwaka mzima kabatini zikiitwa za zamani. Wazee walisema mficha uchi hazai, na ninyi mnaficha mpaka bahasha.

Ukimaliza kununa, kuna kazi. Itoe picha pale mkabala na dirisha leo hii, maana rangi iliyofifishwa na mwanga hairudi, na kama mzee alitia sahihi kwa kalamu ya wino badala ya penseli, sahihi inaweza kutangulia kufifia kuliko picha yenyewe. Selotepu usiivute. Mpelekee mtu aliyesomea uhifadhi wa karatasi aitoe yeye. Kisha iwekwe fremu upya: ubao wa nyuma usio na asidi, ukingo wa karatasi unaoizuia isigusane na kioo, kioo kinachozuia miale ya urujuanimno, na picha ishikwe juu kwa vipande vidogo vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambavyo hutoka kwa maji kidogo. Usikubali fundi akuambie ataigandisha yote kwenye ubao au ataipiga plastiki. Hapo thamani ndiyo imekwisha. Zile kumi zitoe kwenye makasha, uzilaze bapa ndani ya jalada lisilo na asidi.

Ukuta uchagueni wote wawili, usiopigwa na jua. Yeye ndiye aseme picha gani inakaa.

Na kabla ya hayo yote, mkalishe umwambie bei. Usiseme "kidogo tu". Taja jumla ya zote kumi na moja, na uzitoe risiti. Atafoka, mwache afoke, ana haki. Na kama ya kumi na mbili imeshalipiwa na iko njiani, maana mahali popote hujaniambia kwamba umeacha, hiyo nayo itaje hapo hapo, na safari hii iletwe nyumbani.