Je, maisha ya shamba yalikuwa matulivu kama pichani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nyumbani kwetu kuna kalenda ya zamani yenye picha ya gari la farasi lililosimama ndani ya mto, karibu na nyumba ya mkulima, na chini yake pameandikwa jina la John Constable. Kila nikiitazama hutamani kuhamia huko. Je, wakulima wa Uingereza waliishi kwa raha namna hiyo, au mchoraji alitupambia?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, picha hiyo ni The Hay Wain, yaani gari la nyasi kavu, ambayo Constable aliionyesha London mwaka 1821. Mahali penyewe hakupabuni: ni Flatford, kando ya mto Stour katika jimbo la Suffolk, na nyumba unayoiona ilikuwa ya mkulima aliyeitwa Willy Lott. Baba yake Constable ndiye aliyekuwa na kinu cha kusagia nafaka hapo, kwa hiyo mchoraji, ambaye turubai hiyo kubwa aliipakia rangi akiwa London kwa kufuata michoro midogo aliyoifanya kule kijijini, alipakumbuka kwa macho ya mtoto wa tajiri wa kinu, si kwa macho ya kibarua.

Kibarua angekuwa na mengine ya kusimulia. Vita dhidi ya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, bei ya nafaka ilianguka, askari wakarudi kutafuta kazi, na ujira ukapungua. Mwaka 1816, na tena mwaka 1822, vibarua wa mashariki mwa Uingereza walifanya ghasia na kuvunja mashine za kupuria nafaka zilizowanyang'anya kazi ya majira ya baridi. Hayo hayamo pichani.

Hata hivyo, nisingemwita mwongo. Mawingu, maji na majani aliyachunguza kwa bidii kuliko wachoraji wengi wa ulimbwende, yaani mkondo wa sanaa uliotukuza hisia na maumbile, na mwaka 1821 picha hiyo haikupata mnunuzi. Ni Wafaransa walioitunukia medali ya dhahabu mjini Paris mwaka 1824. Utamu unaokuvuta umeongezwa kwa sehemu kubwa na sisi tuliokuja baadaye, wakazi wa mijini, pamoja na wachapaji wa kalenda. Itazame tena upande wa kulia, ng'ambo ya mto, mwisho kabisa wa konde: kuna vidoa vidogo vyeupe. Hao ndio wakata nyasi, wako kazini.