Chokaa kwenye goti la bi mkubwa: maziwa mwacheni anywe

Mkuu, pole kwa bi mkubwa. Umeuliza kama aache maziwa na dagaa kwa kuwa ripoti ya eksirei inasema goti limesagika na kwenye gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, kuna kalsiamu. Mimi ninayo hiyohiyo, goti la kulia, na ushauri wote unaopewa nilishapewa, hadi bamia za kurudisha ute.

Maziwa mwacheni anywe. Hiyo chokaa haitokani na chakula. Seli za gegedu zenyewe hutoa kemikali iitwayo pairofosfeti, nayo ikikutana na kalsiamu ambayo mwili hauikosi, fuwele, yaani vichembe vigumu kama vya chumvi, zinajijenga; ndiyo hiyo chokaa. Ukivuka miaka 60 si ajabu kuwa nazo, na wengi hawasikii chochote. Kwenye picha yangu daktari alinionyesha kimstari cheupe, chembamba, katikati ya uwazi wa mifupa miwili, mahali ambapo panatakiwa kuwa peusi.

Kama linauma akipanda ngazi au akiinuka mkekani tu, hapo mnahangaika na kusagika: mazoezi ya paja na kupunguza mwili. Kasheshe ni siku litakapovimba ghafla, la moto, asiweze kukanyaga. Mimi zahanati moja waliniandikia alopurinoli, dawa ya gauti (ugonjwa wa viungo wa fuwele za asidi ya yuriki), bila kupima maji ya goti, na nyama wakanikataza. Alopurinoli inashusha asidi ya yuriki. Fuwele hizi si za yuriki, haizigusi kabisa. Na kuchanganya huku ni kwa zamani, ndiyo maana McCarty na wenzake kule Marekani mwaka 1962 waliuita ugonjwa huu gauti bandia.

Nilikuja kupona nilipovutwa maji kwa sindano. Yalitoka ya njano, yana ukungu kama maji ya kuoshea mchele, na goti likalegea palepale. Kwenye hadubini fuwele za gauti ni nyembamba zilizochongoka; zangu zilikuwa fupi, za pembe nne. Wakapima na bakteria. Hilo msilikubali lirukwe, maana goti lenye usaha linaanza hivihivi na linaharibika upesi. Ndipo nikachomwa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, humohumo gotini.

Dawa ya kuyeyusha chokaa hiyo haipo, anayekuuzia anakupiga.

Bi mkubwa ana miaka mingapi? Kama hajafika 60, ombeni apimwe parathairoidi (tezi za shingoni zinazosimamia kalsiamu), madini ya chuma na magnesiamu. Na kama ana presha au figo, diklofenaki za dukani asiguse kabla ya kumuona daktari.