Maswali na majibu: Chicago, na msiniulize tena Capone

Tangu nilipoandika kuhusu Wamarekani weusi waliohamia Chicago, maswali hayajakoma. Najibu haya.

Ni kweli Al Capone alifungwa kwa kukwepa kodi, si kwa mauaji?

Kweli, 1931. Likija tena swali hili halijibiwi. Jiji la mamilioni ya watu mnaliona jambazi mmoja tu.

Obama ni mzaliwa wa Chicago?

Jamani! Kazaliwa Honolulu, 1961. Mzaliwa wa Chicago ni Michelle. Mumewe alifika 1985 kuwaunganisha wakazi wa mitaa ya kusini iliyopoteza ajira za viwanda vya chuma.

Kwa nini weusi wamejazana kusini mwa jiji? Si walipenda wenyewe kukaa pamoja?

Wapende wapi? Mwaka 1910 walikuwa kama 44,000. Kufikia 1920 walikuwa wamepita 109,000. Walitoka majimbo ya kusini mwa Marekani, Mississippi, Louisiana na kwingineko, wakikimbia kunyongwa na magenge ya wazungu, na mashamba ya pamba ambako kila hesabu ya mwisho wa mwaka ilimwachia mkulima deni. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekata wahamiaji kutoka Ulaya, machinjio na viwanda vikataka watu. Gazeti la Chicago Defender la Robert Abbott likawaita, na wahudumu weusi wa treni za kampuni ya Pullman wakalisambaza katika majimbo hayo ya kusini, pengine kwa kificho.

Walipofika wakabanwa kwenye ukanda mwembamba wa mitaa. Julai 1919 kijana Eugene Williams, wa miaka 17, akielea kwenye chelezo Ziwa Michigan, alivuka mpaka wa weusi na wazungu ambao haukuandikwa popote. Alirushiwa mawe, akazama. Polisi akakataa kumkamata mtuhumiwa. Ghasia zikaua watu 38, weusi 23 na wazungu 15.

Kisha mpaka ukaandikwa. Wazungu wenye nyumba walitia sahihi mikataba ya kutomuuzia wala kumpangisha mtu mweusi, na hadi 1948 mahakama zilikuwa tayari kuilinda. Kuanzia 1934 serikali kuu ilidhamini mikopo ya nyumba, mitaa ya weusi ikarukwa. Aliyenyimwa mkopo aliangukia kwa walanguzi. Hao walimtia hofu mzungu kwamba weusi wanakuja, wakanunua nyumba yake kwa bei ya kutupa, wakamuuzia mweusi pengine kwa mara mbili ya bei hiyo, alipe kila mwezi. Hati ilibaki kwa muuzaji mpaka senti ya mwisho. Ukikwama mwezi mmoja tu, unaweza kutolewa nje na yote uliyolipa yamepotea. Wanunuzi wa North Lawndale, mtaa mmoja wa Chicago, waliungana 1968 na wengi wakagoma kulipa. (Nawe unayelipia kiwanja kwa awamu, soma karatasi kabla ya kutia sahihi.)

Anayesema walipenda wenyewe anionyeshe basi mlango uliokuwa wazi wakakataa kuingia.

Ng'ombe ndiye aliyeunguza Chicago 1871?

Moto ulianzia kwenye banda la Catherine O'Leary, mhamiaji kutoka Ireland aliyeuza maziwa. Kwamba ng'ombe wake alipiga teke taa, hakuna aliyethibitisha. Kiangazi kilikuwa kikali, upepo mkubwa, na jiji karibu lote la mbao. Walikufa kama 300, kama 100,000 wakakosa makazi. Lakini mama maskini, mgeni, tena Mkatoliki, ni rahisi kumtwika lawama. Baraza la jiji lilimsafisha 1997, amekwisha kufa zamani.

Mei Mosi inahusiana vipi na Chicago?

Swali zuri, hatimaye. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Tarehe 4, kwenye mkutano wa uwanja wa Haymarket, Chicago, bomu lilirushwa polisi wakiwatawanya watu. Wanaume wanane walitiwa hatiani bila mrushaji kujulikana. Wanne wakanyongwa 1887. Gavana John Altgeld aliwasamehe watatu waliokuwa wamebaki gerezani, 1893, akisema wazi kesi haikuwa ya haki, na uchaguzi uliofuata akashindwa. Mwaka 1889 wanasoshalisti waliokutana Paris waliichagua 1 Mei kwa maandamano ya wafanyakazi duniani. Marekani yenyewe hupumzisha wafanyakazi wake Jumatatu ya kwanza ya Septemba.