Kuhusu swali kama Zaburi zina tumaini lolote mbele ya kifo

Umeuliza kama waandishi wa Zaburi walikuwa na tumaini lolote mbele ya kifo, maana Zaburi 6:5 inasema kuzimuni hakuna anayemshukuru Mungu. Wengi wao kweli waliiona Sheoli, yaani kuzimu, makao ya wafu, kama shimo la ukimya, na hatupaswi kulainisha jambo hilo. Zaburi 88 inaishia gizani kabisa, bila hata mstari mmoja wa faraja. Nilipofiwa na mama ndiyo pekee niliyoweza kuisoma, kwa sababu haikunilazimisha kunyamaza. Na bado mwandishi wake anaomba! Anamwita Mungu "wa wokovu wangu" tangu mstari wa kwanza.

Sasa soma Zaburi 49:15. Mungu ataikomboa nafsi yangu na mkono wa kuzimu, kwa kuwa "atanitwaa". Kitenzi hicho cha Kiebrania, lakach, ndicho kilichotumika kwa Henoko, mtu ambaye Mungu alimtwaa, katika Mwanzo 5:24, na kinarudi tena katika Zaburi 73:24. Fundisho kamili la ufufuo halimo humo. Hilo linasikika wazi zaidi katika Danieli 12. Kilichomo ni mtu anayekataa kuamini kwamba Mungu aliyemshika mkono atamwachia kaburini.