Jibu langu ni karatasi ya kufungia karanga

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ulipokuwa shule ya msingi, duka la kijijini kwenu lilikuuzia kitu gani ambacho mpaka leo hujakisahau? Najua wengi watataja pipi, na wana haki, maana pipi tulizipenda sana. Lakini mimi nikifumba macho nikarudi katika lile duka letu, kinachonijia kwanza ni karatasi tuliyofungiwa karanga.

Kijiji chetu kiko njia ya kwenda Njombe ukitokea Makambako. Enzi hizo Njombe ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1979. Elimu ya msingi kwa kila mtoto ilikuwa na miaka miwili tu tangu ianze, vita vya Kagera ndiyo vinamalizika, kwa hiyo watoto tulijaa hadi mlangoni na vitu vilikuwa haba. Mwalimu alichukua daftari moja akalikata katikati kwa kisu, nusu yako, nusu ya mwenzako. Tuliandika mpaka ndani ya jalada. Na miaka ile ile, Mgololo kule Mufindi, ndani ya mkoa wetu huo huo, kilikuwa kinajengwa kiwanda kikubwa cha karatasi. Kilipoanza kazi mwaka 1985 mimi nilikuwa namaliza la saba.

Daftari likijaa halikutupwa. Lilipelekwa dukani.

Mwenye duka tulimwita Baba Dukani, wakubwa kwa wadogo. Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha tofali za kuchoma, bati limekandamizwa kwa mawe lisichukuliwe na upepo, na ndani mlinukia mafuta ya taa, sabuni ya mche na usipa mkavu uliopandishwa kutoka Ziwa Nyasa. Vitu vya mgao, kama sukari, vilipitia duka la ushirika la kijiji, na siku vikifika hata darasani viti vilibaki wazi kwa sababu tulitumwa kushika foleni. Kwa Baba Dukani tulifuata vile vya kila siku: chumvi, kiberiti, mafuta ya kupima kwa chupa, karanga. Redio yake ndiyo ilikuwa redio ya wote. Tarehe 12 Aprili 1984 nilikuwa nimesimama nje ya dirisha lake, nikaona wazee wanavua kofia mmoja baada ya mwingine waliposikia kwamba Waziri Mkuu Sokoine amefariki katika ajali ya gari.

Turudi kwenye karatasi. Ukimpelekea madaftari yaliyokwisha, alikupa chumvi. Kisha alikaa kwenye kigoda, akachomoa pini moja moja kwa ncha ya kisu, akaziweka pini kwenye kopo maana nazo zilikuwa na kazi yake. Karatasi alizichoma zote kwenye msumari mrefu uliopigiliwa kwenye nguzo nyuma ya kaunta. Ukiagiza karanga hakugeuka kutazama. Mkono ulikwenda nyuma wenyewe, ukavuta, na kona ya karatasi ikabaki pale msumarini. Akaiviringisha kama faneli, akasokota ncha ya chini, akamimina kikombe kidogo cha bati, akakunja juu mara mbili. Ukatoa senti hamsini yako, ile yenye sungura, ukasema asante Baba, ukatoka.

Hapo nje ndipo tulipoanza kusoma. Karanga tulikula taratibu ili karatasi isichanike. Mara nyingi uliangukia hesabu za mtu, zimejaa mikasi ya wino mwekundu, na tulijua ni za nani kwa mwandiko tu. Mara nyingine uliangukia darasa la sita au la saba, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati. Mimi nilijua mito ya Tanzania nikiwa la tatu, kwa sababu ya karanga. Nilijua mzunguko wa damu kabla mwalimu hajauchora ubaoni. Tulibadilishana, "nipe ya Sayansi nikupe ya Siasa," na aliyepata karatasi mbili zinazofuatana katika daftari moja alitembea kifua mbele siku nzima. Mwezi wa sita na wa saba, Njombe ikiwa na ile baridi yake, tukienda shule miguu mitupu huku nyasi zimegeuka nyeupe kwa barafu, tuliwainua ng'ombe waliolala njiani tukasimama walipokuwa wamelala, miguu ipate joto, na hapo pia tulisoma. Sikumbuki kitabu hata kimoja cha darasa la tatu kilichokuwa changu peke yangu. Karatasi zile zilikuwa zangu.

Dada yangu, mtoto wa kwanza wa mama, alimaliza darasa la saba mwaka 1983. Alikuwa na akili na alikuwa na mwandiko ambao walimu waliuonyesha wengine: herufi zimelala kidogo upande wa kulia, mkia wa "g" umefungwa kama kitanzi. Matokeo yalipotoka hakuchaguliwa. Miaka ile walioingia sekondari walikuwa wachache mno, shule nzima ungeweza kupata mmoja, au hata huyo mmoja mkose. Mwezi wa kwanza alikuja mama mmoja kutoka Dar es Salaam, ndugu wa jirani, akitafuta msichana wa kazi. Mnajua wenyewe mabinti wa mikoa yetu walivyokuwa wakitafutwa kwa kazi hiyo, na bado wanatafutwa. Dada aliondoka na begi la nguo, mama akamsindikiza hadi stesheni ya Makambako kupanda treni ya TAZARA. Mimi niliachwa nyumbani na wadogo.

Haikupita mwezi, mama alinituma chumvi. Ilikuwa chumvi ya mawe, yenye majimaji, na kwa sababu ya mvua karatasi ilikuwa imeanza kuloa. Nilipofika jikoni nikaifungua juu ya sahani. Chumvi ya pembeni ilikuwa imeingia rangi ya bluu, na sehemu moja nyekundu. Mama akaanza kuikwangua kwa kijiko. Mimi nikaona ile "g."

Nililia sana. Mama alikuwa ameyapeleka madaftari ya dada dukani, yote, na sikuwa na habari. Sikumwelewa siku ile, nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Hakunipiga. Alisema, "Karatasi hailiwi, mwanangu. Chumvi inaliwa." Baadaye usiku nilimsikia akijipenga puani gizani, na leo, nikiwa na watoto niliowasomesha, sina neno hata moja la kumlaumu.

Kesho yake kabla ya kengele nilikimbia dukani. Nikasema, "Kamwene, Baba," nikashindwa kuendelea. Nikamwonyesha ile karatasi. Aliitazama, akamtambua mwenye mwandiko bila kuuliza, kwa sababu dada ndiye aliyekuwa akimsomea barua zake. Alishusha karatasi zote kutoka kwenye msumari, akazimwaga juu ya kaunta, tukazipekua pamoja huku wateja wakisubiri. Tulipata mbili tu. Nyingine zilikuwa zimeshakwenda na chumvi na karanga za watu, nyumba hii na ile. Tangu siku hiyo, kila alipokutana na mwandiko ule kati ya karatasi zilizobaki ghalani, aliuweka pembeni chini ya mizani akanisubiri. Sijawahi kusahau wema huo. Amezikwa pale kijijini, na nikienda kwetu hupita kaburini kwake.

Panya walikula nyingi, mvua ikaharibu nyingine. Leo ninayo moja, ile ya kwanza, ya chumvi. Ni maswali ya Jiografia. La kwanza linauliza reli ya TAZARA ina urefu gani, na dada amejibu kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. La pili, ilijengwa kwa msaada wa nchi gani: China. La tatu, ilikabidhiwa mwaka gani: 1976. Kote kuna vema ya wino mwekundu. La nne linauliza kwa nini sehemu ya kati ya Mlimba na Makambako ilikuwa ngumu kuliko zote kujengwa. Dada ameandika, "Ilikuwa ngumu kwa sababu," na hapo ndipo kona ilipobaki msumarini.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019 naona karatasi za madaftari zimeongezeka tena kwa wauza karanga na maandazi. Mwezi uliopita nilinunua karanga stendi ya Makambako, zimefungwa kwenye hesabu za sehemu za mtoto fulani, nikajikuta nimesimama kando ya basi nazisoma mpaka kondakta akaniita. Nilipofika nyumbani nikaitoa ile karatasi ya dada, nikampigia simu. Yuko Mbagala, ana wajukuu. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia kwamba ninayo. Niliogopa nitamuumiza.

Nikamsomea swali la kwanza, la pili, la tatu. Upande wa pili kimya, nasikia tu watoto wanacheza. Nikasoma la nne, nikafika "kwa sababu," nikanyamaza.

Dada akamalizia, polepole, kama mtu anayesimama mbele ya darasa: "Kwa sababu treni inapanda kutoka bondeni Kilombero kuja nyanda za juu, kwa hiyo ilibidi wachimbe mahandaki na kujenga madaraja mengi." Kisha akasema, "Niliyahesabu yale mahandaki, mdogo wangu. Usiku ule naondoka. Niliyahesabu mpaka nikasinzia."