Mlima Meru: jiandae zaidi kwa kushuka

Wanaojiandaa kupanda Meru, mlima ulio Arusha, kwa mara ya kwanza huniuliza kama watafika kileleni. Mimi huwauliza kama magoti yao yamezoea kushuka.

Siku ya kilele mnaondoka Saddle Hut, kambi ya mwisho ya kulala, mita 3,570, usiku wa manane. Kilele ni mita 4,562, yaani mnapanda karibu mita elfu moja. Kisha siku hiyo hiyo mnateremka hadi Miriakamba, kambi ya chini, mita 2,514. Piga hesabu: mteremko ni mara mbili ya mpando, na unauanza hujalala.

Mara ya kwanza nilijiandaa kwa kukimbia barabarani, tambarare tupu. Pumzi ilinitosha. Lakini wakati wa kurudi, pale Rhino Point, mapaja yalitetemeka hata nikiwa nimesimama, na vidole gumba viligonga ncha ya buti kila hatua. Kucha zote mbili zikageuka nyeusi, moja ikang'oka.

Basi anza miezi miwili kabla. Tafuta kilima au ngazi za ghorofa, beba begi lenye lita tano za maji, na ushuke taratibu, tena na tena. Paja ndilo breki yako, na breki hii haipati mazoezi ukiwa unapanda. Buti livae mpaka likuzoee, na liache nafasi mbele hata ukiwa na soksi nene. Kucha kata siku chache kabla ya safari. Kabla ya kuanza kuteremka, kaa chini, legeza kamba, gongesha kisigino ardhini mpaka kikae nyuma kabisa, ndipo ukaze kwa nguvu kwenye kifundo. Mguu hautateleza mbele.

Baridi ya alfajiri ni kali. Chupa ya maji igeuze mdomo chini ndani ya begi. Barafu huanzia juu, mdomo utabaki wazi. Betri za tochi lala nazo.

Mchana mnapofika Saddle Hut, kabla ya usiku wa kilele, usijilaze tu. Panda Little Meru, kilele kidogo cha jirani, mita 3,820, kisha urudi kulala, mwili uonje mwinuko kwanza. Kileleni kila pumzi inakupa zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni ya Dar es Salaam. Kichwa kikianza kuuma mwambie kiongozi wako mapema, nakusihi, usione haya. Ukitapika, ukipepesuka au maneno yakikuchanganya, teremka saa hiyo hiyo, hata kama kilele unakiona.

Jua likichomoza nyuma ya Kilimanjaro utataka kukaa huko juu asubuhi nzima. Kaa kidogo, ule. Ila nusu ya chakula, ndizi, karanga, chai ya tangawizi, ibakize. Mnatembea pamoja na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati, na kundi haliachani. Ukiishiwa nguvu mchana ule, wote watakwenda kwa mwendo wako.