Hedi ishuke au ibaki juu? Kibanio cha springi za valvu

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Probox ya injini ya 1NZ, asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa bluu kidogo alafu unakata. Nimeambiwa nibadilishe sili za valvu (vipira vinavyozuia oili kupenya) na springi zote kwa pamoja, nataka nifanye mwenyewe hapa nyumbani. Dukani nimeona vibanio vya aina tatu: kimoja kama G kubwa, kingine kina mkono mrefu wa kukandamizia kinafungwa juu ya hedi (kichwa cha injini chenye valvu), na kingine kidogo cha kucha mbili kinakazwa kwa skrubu. Bei zimepishana sana ila muuzaji anasema vyote kazi moja. Nichukue kipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Nzuri kaka. Huyo muuzaji anataka kuuza tu, vyote vinabana springi ndio, ila sio springi zako.

Kile cha kucha mbili kiache hapohapo. Kinashika koili za springi kwa pembeni, kwa hiyo kinataka springi iliyokaa wazi kama kwenye injini za zamani za roka (mikono midogo inayosukuma valvu). Yako springi imezama ndani ya shimo la tapeti (kikombe cha chuma kati ya kemshafti, shafti inayofungua valvu, na valvu yenyewe), kucha zitapita wapi?

Zimebaki mbili, na hapo swali ni kama hedi unaishusha au unaiacha juu ya bloku. Cha G mguu mmoja unagusa uso wa valvu kwa chini na mwingine unasukuma kofia ya springi kwa juu, kwa hiyo hedi lazima iwe mezani. Kama unashusha, chukua hicho lakini angalia kikombe cha mbele, kiwe chembamba kiingie kwenye shimo la tapeti bila kugusa kuta, na kiwe na dirisha la kuchomolea vile vipande viwili vya nusu duara vinavyoshikilia kofia kwenye valvu. Mimi niliwahi kulazimisha kikombe kinene nikachana ukuta wa shimo, tapeti ikawa inakwama, hedi ikaenda kwa watu wa mashine. Kama seti haina chembamba, fundi wa kuchomelea atakukatia kipande cha bomba.

Ila kwa moshi wako mimi nisingeshusha hedi. Moshi wa kuwashia tu ni sili, wala springi sio lazima, ukizitoa pima urefu kwa kalipa, ikiwa mojawapo ni fupi kuliko wenzake ndo ununue. Moshi ukiendelea hata ukikanyaga mafuta hapo waza ringi za pistoni, na sili hazitakusaidia kitu. Kwa hiyo chukua chenye mkono mrefu, kinachofungwa kwenye matundu ya bolti za kemshafti.

Sasa hedi ikiwa juu, ukibana springi valvu inadondokea ndani. Wenye kompresa wanajaza upepo kupitia tundu la plagi, mimi natumia kamba safi ya nailoni, unaishusha pistoni kidogo, unaingiza kamba nyingi ukiacha mkia nje, alafu unazungusha krenki kwa mkono hadi kamba ishikilie valvu kwa chini. Kemshafti zikitoka funga cheni kwa waya na uishikilie juu muda wote ukizungusha, ikidondoka umejiongezea kazi ya siku nzima. Tapeti nazo ziandike namba, unene wake umetofautiana na kila moja ina shimo lake. Na matundu yote ya oili yazibe kwa matambaa kabla ya springi ya kwanza, maana vile vipande vya nusu duara vinaruka balaa! Kurudisha, vipake grisi vishike kwenye valvu.

Dukani usiseme kompresa ya springi, watakuletea ya upepo. Onyesha picha.

SWALI: Na pikipiki je? Mimi ni wa boda, siwezi nunua tuli ya bei hiyo kwa silinda moja. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Usinunue bro. Boda nyingi ni valvu 2 tu na hedi inatoka kwa bolti chache, tumia klampu ya G ya fundi mbao na kipande cha bomba kilichokatwa dirisha. Chini weka kitambaa usikwaruze uso wa valvu, kaza polepole, na ukiona kofia imegoma gonga kidogo kwa nyundo ya plastiki ndio ukaze tena.